Watu Wawili na Nusu

Jumanne asubuhi Verla Sedlacek aligeuza bakuli lake la kioo la kuokea, akabandua utepe wa zamani chini yake, akabandika mpya na kuandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Pale kijijini Havlik bakuli lisilo na jina ni bakuli lililopotea. Chakula hupelekwa kwa mfiwa, kwa aliyejifungua, kwa aliyevunjika nyonga na kwa mhamiaji mpya, na baada ya siku chache bakuli hurudi kwa mwenyewe likiwa na kitu ndani. Kulirudisha tupu ni kumtukana mtu mlangoni kwake. Mwaka ule wa theluji nyingi Duane Kratky alikosa cha kuweka, akarudisha bakuli na viberiti vitatu, na hakuna aliyemcheka mbele yake.

Verla alipanga ndani viazi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, akaliingiza kwenye oveni, kisha akavaa koti akaenda posta kuangalia matokeo ya sensa.

Yalikuwa yamebandikwa ukutani kando ya tangazo la mbwa aliyepotea. Kijiji cha Havlik, Nebraska: watu arobaini. Nyumba ishirini na mbili, kumi na sita zina watu, sita ni tupu. Wastani wa watu kwa kaya: wawili na nusu. Kipato cha wastani cha kaya: dola elfu tisini kwa mwaka. Mstari huo wa mwisho Verla aliurudia. Yeye aliishi kwa pensheni ya marehemu mumewe Leonard, na majira ya baridi alikuwa akifunga vyumba viwili vya juu ili kubana matumizi ya gesi.

"Kumbe sisi ni matajiri," alimwambia Darlys Kratky, dada yake Duane, aliyekuwa akinunua stempu.

"Ungeniambia mapema," Darlys akajibu. "Nisingegeuza kola ya shati la Duane kwa mara ya pili."

Wakacheka, wakaagana. Ukweli ni kwamba karani wa sensa alipopita mwezi wa nne, kila mtu alimpa kahawa na keki, na alipofika kwenye swali la kipato kila mtu akasema, "Tunajimudu." Karani akauliza, tunajimudu ni kiasi gani? Wakamtajia kiasi cha mtu anayejimudu. Mficha uchi hazai, lakini watu wa Havlik wangeona afadhali wasizae kuliko kumvulia nguo mgeni kutoka Lincoln, makao makuu ya jimbo. Aliyetaja kipato chake halisi ni Eldon Stroud tu, mwenye mashamba yote unayoyaona ukisimama juu ya ghala la nafaka, na mabanda ya nguruwe yaliyo upande wa upepo.

Jioni hiyo saa kumi na mbili, saa ambayo Havlik nzima huketi kula, wastani ulianza kazi.

Verla alikuwa amejipakulia sahani yake moja. Aligeuka kuchukua chumvi, na alipogeuka tena kulikuwa na msichana kwenye kiti cha Leonard, na kwenye kiti cha tatu kulikuwa na mzee kuanzia kiunoni kwenda juu. Verla aliwafahamu wote wawili. Msichana alikuwa Yesenia, wa miaka sita, na mzee alikuwa babu yake, Don Celestino. Familia yao ilitoka Guatemala na kuishi ng'ambo ya barabara katika nyumba ya trela yenye vyumba viwili: Marisela na mumewe Evodio Tzoc, watoto wao sita, na huyu mzee baba yake Marisela. Watu tisa.

"Habari za jioni, bibie," Don Celestino alisema, akivua kofia. "Samahani kwa usumbufu. Miguu yangu sijui imekwenda wapi."

"Itakuwa kwa Duane," Verla akasema. "Wao ni wawili, walipungukiwa nusu."

Akawawekea mito ili wafikie meza. Alipokuwa akiongeza sahani simu ikalia, na alikuwa Darlys.

"Verla, sehemu ya juu iko kwako?"

"Iko kwangu. Inakula."

"Basi sisi tuna ya chini. Muulize kama inahitaji soksi."

Verla akauliza. Don Celestino akafikiri kidogo, akasema kama zipo za sufu atashukuru.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu jioni hiyo. Mchana kila mtu alikuwa mzima na mahali pake, shuleni au kazini. Ikifika saa ya chakula cha jioni, wastani uliwagawa, na jua likichomoza uliwarudisha. Watoto wengine wanne wa Marisela waliangukia kwa wajane wengine, na hao wajane wakashusha vitanda kutoka darini bila kuulizana maswali. Zile nyumba sita tupu zilibaki tupu, kwa kuwa nyumba tupu si kaya.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Verla hakuona haja ya jembe kwa mtu asiye na miguu, akampa kisu cha kumenyea viazi. Don Celestino alimenya kwa ustadi, ganda moja refu bila kukatika, huku akimsimulia mahindi ya kwao ya rangi nne, na Verla akamsimulia namna Leonard alivyokufa kwenye trekta akiwa ameshazima injini, maana alikuwa mtu mwangalifu. Yesenia alichora farasi. Siku ya tano alimwita Verla "bibi", akiwa na viazi mdomoni, bila hata kuinua kichwa. Verla aliinuka akaenda kuangalia oveni ambayo haikuwa na kitu. Alikuwa na furaha hadi akaona haya.

Kwa Duane nako mambo yalikuwa shwari. Duane ni kapera wa miaka sitini na nane, na ile miguu ilimzoea upesi. Ilipenda kutembea ukumbini kabla ya kulala.

"Haina maneno mengi," aliwaambia wenzake pale ghalani, walipokuwa wakirusha dadu kuamua nani alipie kahawa. "Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta mwenzi wa namna hii."

"Mwoe basi," mmoja akasema.

"Darlys hawezi kukubali. Anasema ina vidole vibaya."

Jambo moja tu halikugawanyika. Jioni ile ya kwanza, baada ya kuosha vyombo, Verla alifungua kopo la biskuti anakoweka fedha za matumizi. Aliona haya kidogo, lakini alifikiri kwamba kama wastani umeleta watu, huenda umeleta na kile kingine. Ndani zilikuwa zile zile. Baadaye ilijulikana kwamba kila nyumba ilifungua kopo lake au droo yake jioni hiyo, na kila nyumba ilikuta kilichokuwamo. Eldon Stroud naye alifungua yake, akiwa na wasiwasi wa aina nyingine, akakuta hakijapungua kitu. Akashusha pumzi akaenda kula.

Eldon na mkewe walikuwa wawili, kwa hiyo nao walipata nusu. Walipata nusu ya Evodio, ile yenye mikono.

Eldon si mtu mbaya, na hakuna anayesema hivyo Havlik. Kila Krismasi hupeleka paja la nguruwe kwa kila mlango. Alimkaribisha Evodio mezani, mkewe akampakulia mara mbili. Lakini Evodio ndiye aliyekuwa akihudumia mabanda ya Eldon mchana, na kwa kuwa baada ya kula mikono ilikuwa pale pale, na feni ya banda la tatu ilikuwa imeharibika, Eldon aliona si vibaya kumwekea ile feni mezani juu ya gazeti. Kesho yake aliweka pampu. Saa hizo hazikuhesabiwa kuwa za kazi, kwa sababu Evodio alikuwa nyumbani, yaani katika kaya.

Marisela alibaki kwenye trela na kichanga wake wa miezi minne na miguu ya mumewe. Miguu ilikuwa imechoka. Aliiosha kwa maji ya moto, akaipaka mafuta, akailaza.

Maji ya kuoga hayakuwa na shida. Shida ilikuwa ya kunywa. Kisima cha kijiji kilikuwa kimeingiwa na mbolea ya mashamba na samadi ya yale mabanda, na wapimaji walikuwa wamesema watu wazima wanaweza kuyanywa wakiwa na moyo, lakini kichanga asiyanywe kabisa, maana humfanya mtoto awe wa buluu. Kuyachemsha hakusaidii. Mashine ya kuyasafisha ilihitaji fedha ambazo kijiji hakikuwa nazo. Jimbo lilikuwa na mfuko wa kusaidia vijiji maskini, na Verla, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya kijiji kwa sababu siku ya uchaguzi hakuhudhuria, alikuwa ameomba. Wiki mbili baada ya matokeo ya sensa akapigiwa simu. Sauti ya upole ilimwambia kwamba msaada ni kwa vijiji ambavyo kipato cha wastani hakivuki elfu sitini, na Havlik imevuka sana, hongereni.

"Je, kama tulikosea?" Verla akauliza. "Kama watu walisema zaidi ya walicho nacho?"

"Mnaweza kuomba kuhesabiwa upya. Mwenyekiti apige simu kabla mwezi haujaisha."

Verla alishukuru, akaweka simu chini. Jioni hiyo Yesenia alikuwa anajifunza kuandika jina la bibi kwenye utepe wa kubandika chini ya bakuli, na Don Celestino alikuwa akimwongoza mkono. Verla aliwaangalia. Mtu akihesabiwa upya huhesabiwa chote, watu na nyumba na kipato. Nani ajuaye wastani mpya ungesemaje? Huenda ungempa kila mtu wake, na meza hii ingerudi kuwa ya sahani moja na redio.

Hakupiga simu kesho yake, wala Jumatatu. Alijiambia laini za ofisi huwa na shughuli nyingi siku za Jumatatu. Jumanne ilikuwa siku ya kuoka. Wiki ikakatika hivyo, kisha nyingine.

Ijumaa mchana Marisela alivuka barabara kumrudishia bakuli aliloletewa chakula Jumanne. Alikuwa amelijaza tamale, za unga wa mahindi na nyama, zimefungwa katika maganda ya mahindi, bado zina moto. Kichanga alikuwa mgongoni. Alikuja na sufuria yake pia, kubwa ya bati, imejaa tamale nyingine.

"Hizi ni za baba," alisema. "Jioni mpe yeye na Yesenia. Baba akikosa tamale wiki nzima hununa."

"Ananuna kweli," Verla akasema. "Ila anamenya viazi vizuri. Keti, nikumiminie kahawa."

Marisela akaketi. Akatazama kile kiti cha Leonard, ambacho juu yake kulikuwa na mto wenye maua na penseli za rangi.

"Bi Verla, Yesenia anakula?"

"Anakula vizuri."

"Akilala anaomba taa?"

"Naiacha ya ukumbini."

"Vizuri." Marisela akazungusha kikombe. "Sisemi kwa ubaya, mama. Mmewatunza wanangu. Trela ilikuwa imetubana, sasa mtu anaweza kunyoosha mkono. Lakini jioni naandaa chakula, nawaita, halafu nakumbuka. Na huyu wa mgongoni namnunulia maji mjini. Kila Jumamosi. Wiki iliyopita gari la Evodio halikuwaka, nikaombaomba chupa kwa watu kama mwendawazimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliponiuliza hali nilisema tunajimudu." Marisela akatabasamu kidogo. "Nimejifunza kwenu."

Alipoondoka, Verla aliketi akiwa na haya kama ya mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Kisha akainuka, akapiga simu.

Jumapili baada ya ibada, watu walikula pamoja katika ukumbi ulio chini ya kanisa kama kawaida, na Verla aligonga glasi kwa kijiko. Aliwaambia karani anarudi, na safari hii waseme kweli.

"Kweli ipi?" Duane akauliza.

"Ile unayoijua wewe na benki."

Mtu akasogeza bakuli la saladi ambalo halikuhitaji kusogezwa. Verla akaona asipoanza yeye hakuna atakayeanza. Akasema kwa sauti kipato chake cha mwaka, chote, na kwamba hajimudu, na kwamba mwezi wa pili alivaa koti ndani ya nyumba. Uso ulimwaka hadi masikioni. Darlys alimsogezea kipande cha pai, na pale Havlik hilo ni jambo kubwa kuliko kupigiwa makofi.

Wakati wa kuosha vyombo alimfuata Eldon Stroud, aliyekuwa akikausha sahani.

"Eldon, ile mashine ya maji. Si uinunue tu? Samadi yenyewe ni yako."

Eldon alikausha sahani ile pande zote mbili. Hakukasirika.

"Verla, nikifanya hivyo nitaonekana najikweza," alisema. "Mimi ni mtu wa kawaida kama ninyi. Hata sensa imesema sote tuko sawa."

"Sensa imesema wastani."

"Ndicho ninachosema."

Karani alirudi siku ya Alhamisi, akanywa kahawa kumi na sita. Watu walisema kweli. Ilikuwa kazi ngumu; Duane aliisema akiwa ameelekea ukutani, na Darlys aliiandika kwenye kiganja cha mkono akamwonyesha karani bila kufungua mdomo. Marisela na Evodio walisema yao bila taabu, kwa vile hata mara ya kwanza walikuwa wameipandisha kidogo tu, kwa heshima ya majirani. Eldon naye alisema kweli kama kawaida yake. Mwaka huo alikuwa amejenga banda la nne, na bei ya nguruwe ilikuwa nzuri.

Matokeo yalibandikwa posta mahali pale pale. Yule mbwa alikuwa amepatikana. Watu arobaini, nyumba ishirini na mbili, sita tupu, wawili na nusu kwa kaya. Kipato cha wastani: elfu tisini na moja.

Verla aliyasoma, Duane akayasoma begani kwake.

"Tumesema tuna kidogo, tukatajirika," Duane akasema.

"Ndivyo ilivyo."

"Ningejua ningesema sina hata kidogo. Saa hizi tungekuwa tunakula na wafalme."

Akaenda zake nyumbani, kwa sababu alikuwa ameahidi kuikata ile miguu kucha.

Jumamosi Verla aliendesha gari hadi mjini, akiwazia vyumba vyake viwili vilivyofungwa na bei ya gesi, akanunua maji ya chupa kwa kadiri kopo la biskuti lilivyoruhusu. Njiani kila dereva aliyepishana naye aliinua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimu, naye akainua chake. Alipofika nyumbani akaosha ile sufuria ya bati ya Marisela, akaisugua mpaka ikang'aa. Chombo hakirudishwi kitupu. Akafungua chupa moja moja, akamimina maji mle ndani mpaka sufuria ikajaa pomoni, na zilizobaki akazipanga katika mfuko wa begani. Kisha akavuka barabara polepole, akiibeba kwa mikono miwili, asimwage.

Jua lilikuwa limeanza kujificha nyuma ya ghala. Marisela alikuwa mlangoni mwa trela na Yesenia mbele yake, anamsuka nywele. Kichanga alikuwa amelala kwenye kikapu. Don Celestino, akiwa bado mzima, alikaa kwenye ngazi akitazama miguu yake.

"Nimekuletea sufuria yako," Verla alisema.

Marisela aliangalia ndani ya sufuria, akaona maji, akaelewa. Alifunga ncha ya msuko kwa uzi mwekundu, akamvuta mtoto kifuani, akamshika hivyo.

"Bibi, leo tunakula nini?" Yesenia akauliza kutoka kifuani kwa mama yake.

Verla hakuwahi kujibu. Saa kumi na mbili ilifika. Ngazi ikawa tupu, na mikono ya Marisela ikabaki vile vile, imezunguka mahali alipokuwa mtoto, pana kiasi cha mtoto wa miaka sita. Kutoka ndani ya trela zikasikika hatua nzito za Evodio, zikija kutafuta beseni. Mbali, kwa Eldon, taa ya jikoni iliwaka.

Marisela hakuishusha mikono. Aliisogeza mbele tu, namna ile ile ilivyokuwa, akapokea sufuria, akaikumbatia pale pale.

"Nenda, Bi Verla," alisema. "Wasikae mezani peke yao."

Verla akavuka barabara. Dirishani kwake aliona kichwa kidogo chenye uzi mwekundu, na kando yake mzee akishika kisu na kiazi. Mwendo wake ukaongezeka. Ulikuwa mwendo wa mtu mwenye furaha. Marisela alikuwa bado amesimama mlangoni akimtazama, na Verla alilijua hilo, wala hakuweza kuupunguza.